Daftari la Milimita

Saa tatu kamili asubuhi, kila siku,
baba alivuka mgombani na miwani yake ya kamba,
akainama mbele ya kopo la shaba kama mtu anayenong'onezwa.
Alimimina. Aliinua bilauri usawa wa jicho.
Akaandika: kumi na nne nukta mbili.
Kama hamna kitu aliandika sifuri,
kwa wino uleule, kwa adabu ileile.
"Andika kilichomo, Ndeonasia.
Usiandike ulichokitamani."

Madaftari kumi na tisa ndani ya sanduku la kahawa
yananuka moshi wa jikoni na dawa ya mende.
Nafungua lolote: masika inabisha hodi katikati ya Machi,
inakaa, inapika, inaondoka Mei bila kuvunja chombo.
Kisha manyunyu ya Juni: mbili, tatu, moja na nusu,
mvua ya kulowesha nywele tu,
ambayo mama hakuianulia hata nguo.

Mimi nina madaftari sita.

Machi, sifuri. Nusu ya Aprili, sifuri.
Mfongo wa ukoo umebaki na majani makavu
na soli ya kiatu cha mtoto,
na wanaume wa zamu ya usiku, hapa Mbokomu,
wanakwenda na tochi kulinda maji ambayo hayapo.
Kaka yangu Eliakunda anapiga simu kutoka Mabogini,
mpunga wake umegeuka rangi ya mkeka:
"Mmeyafunga huko juu?"
Namwambia panda uje uone tulichokifunga.
Hapandi. Ananuna. Wiki tatu hatusalimiani,
sisi tulionyonya ziwa moja,
kwa ajili ya maji ambayo hakuna kati yetu aliyeyashika.

Halafu usiku wa tarehe ishirini na tatu.
Sikusikia mvua. Nilisikia bati likipigwa
kama mlango wa mdaiwa.
Alfajiri kopo limefurika,
mdomo wa mfongo umeng'oka,
maharage ya Mama Kileo yamelala kifudifudi hadi darajani,
na kufikia mchana Mto Rau ulikuwa jarubani kwa Eliakunda,
umebeba hata ule mpunga wa rangi ya mkeka.
Alinipigia. Hakusema kitu. Nilisikia vyura tu.

Bwana wa hali ya hewa, mjini Moshi,
alinieleza taratibu, kama anayefundisha mtoto kuhesabu:
hewa ikipata joto, mfuko wake hutanuka;
hunyonya jasho la migomba, la udongo, la mto,
huficha, huficha,
halafu siku moja humwaga vyote kwa mkupuo
kama mlevi aliyelipwa malimbikizo.
Nilimwelewa. Na ukungu je, nikamuuliza,
ule uliokuwa ukilala kwenye ndevu za miti kule msituni,
ukidondoka tone kwa tone bila mvua, chemchemi zikishiba?
Akasema unapita juu zaidi sasa.
Haushuki kusalimia.

Wageni hupiga picha theluji na kuisikitikia.
Sisi tulikunywa msitu uliolowa.

Desemba nikajumlisha. Nikarudia kwa kikokotoo cha simu.
Mwaka wangu na mwaka mmoja wa baba,
bila kuhesabu kilichofurika,
imepishana milimita tisa.
Tisa!
Nilikaa na kalamu mdomoni.
Ni kama kumnyima mtu chakula mwezi mzima
kisha umletee sahani tisini kwa pamoja,
umwambie: hesabu, hujapunjwa.
Jumla hainyweki.

Na ile tarehe ishirini na tatu, baba,
nimeandika kilichomo, kama ulivyoniusia.
Kilichomwagika nje nikiandike wapi?
Daftari lako halina safu yake.

Leo saa tatu nimevuka mgombani.
Ndani ya kopo, siafu mmoja, mkavu.
Nimempuliza.
Nimeandika sifuri.