Hesabu ya Jumapili

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inaingia kanisani pamoja na waumini,
inakanyagakanyaga juu ya mabati
mpaka mchungaji apandishe sauti kama anayeuza nguo mnadani.

Mzee Asangalwisye Mwakalobo alikaa benchi la nyuma,
mlangoni, penye tope na upepo,
wala si kwa unyenyekevu.
Alikuwa akituhesabu.
Kidole gumba kikipita juu ya vidole vingine,
midomo ikicheza,
wimbo wa tatu ukiisha jumla anayo.
Sisi watoto tulidhani anasali.

Mia moja arobaini na wawili.
Mia moja arobaini na mmoja.

Tukipungua hakungoja sadaka za mazao zinadiwe.
Mkungu wa ndizi unapanda bei, yeye yuko njiani,
anaburuta lile goti,
koti la jeshi limepauka, halina tena rangi ya kutajika.
"Hodi. Leo hukuwepo."
Basi. Hakuuliza dhambi.

Kama ni homa, alirudi na Bibi Tumpe na chungu cha uji.
Kama mume kampiga mke, aliomba kigoda,
akaketi hadi giza, kimya, kama deni,
mpaka mume aanze kusema mwenyewe.
Kama ni ulevi tu, alicheka,
akaonja kimpumu kwa ncha ya ulimi,
akasema wa Kyela wanapika vizuri zaidi.

Mabati kumi na nane ya upande wa kwaya
ni fidia ya goti lake.
Ilichelewa miaka kumi na mmoja.
Bibi Tumpe alitaka ng'ombe.
Sijui walimalizana vipi; najua tu kwamba kwa mwezi mzima
mama huyo aliimba sauti ya pili akiwa amenuna.

Vita hakuisimulia.
Siku ya mashujaa alikwenda kupalilia chai.
Mara moja tu, tukichimba choo cha mjane Syabumi,
mimi juu na ndoo, yeye shimoni,
sauti ikapanda na udongo:

"Tulivuka mto tukiwa thelathini.
Usiku sajini akaita majina.
Nikaitikia langu, kisha nikaitikia la Lugano,
nikidhani kaingia vichakani kujisaidia,
asije akaadhibiwa bure.
Daftarini akaandikwa yupo.
Mtu aliyepo hatafutwi."

Akanyamaza. Kisha: "Vuta ndoo."

Watoto wake watano aliwamulika kwa tochi kila usiku,
hata walipoota ndevu.
Gwamaka akahamia Tunduma kwenye malori,
simu ikamfuata huko, saa tatu kamili:
"Upo?"
"Nipo, baba."
Anakata, salio lisiishe.

Alikufa Julai, baridi ikiwa imeng'ata migomba.
Mazishi sitayasema. Watu walikuwa wengi mno,
hakuna ambaye angeweza kuwahesabu.

Nasema Jumapili iliyofuata.
Nilichelewa, nikakuta benchi la nyuma tupu,
nikakaa kwa sababu ya miguu yenye tope, si kwa sababu nyingine.
Wimbo wa kwanza, kidole gumba changu kikaanza chenyewe.
Wimbo wa tatu: mia moja arobaini na wawili.
Kamili! Nikashusha pumzi,
karibu niinue mikono.

Kisha nikaliona benchi.
Nilikuwa nimemwitikia.

Nikaanza upya, polepole, mstari kwa mstari,
nikiwatazama visogo.
Arobaini na mmoja.
Nikarudia. Arobaini.
Yeye, na nani tena?
Safu ya akina mama, karibu na nguzo,
pengo la upana wa Subilaga wa mashine ya kusaga.

Mbele, parachichi zilikuwa zimefika elfu nne.
Nikatoka.
Njia ilikuwa utelezi mtupu, nikaanguka mara mbili,
na nilipofika sikujua mikono niiweke wapi.

"Hodi," nikasema. "Leo hukuwepo."

Akanitazama, kanga begani, macho yamevimba,
akatazama nyuma yangu, barabarani,
kama anayetafuta mtu mwingine.

"Ingia," akasema. "Unalowa."