Likizo ya Karani wa Mizani

Tarehe ishirini na mbili nilifunga ghala,
ufunguo nikautundika msumarini,
nikasema: sasa gunia lolote lisiniite.
Msimu mzima nimepima korosho za watu,
daraja la kwanza, daraja la pili,
unyevu umezidi, rudi ukaanike.
Likizo hii napima picha.

Ninalo daftari la kurasa mia mbili.
Kila picha ina mstari wake:
jina, dakika, nani kafa bure,
na daraja. Sioni haya.
Lile picha la mapanga na mfalme mwongo: la pili, unyevu mwingi,
watu wanalia kabla hawajaumizwa.
Picha ya mpishi na paka wake: la kwanza.
Nimeirudia mara tatu, na kila mara
paka anapotokea dirishani
nasingizia moshi wa jikoni.

Flashi nilijaziwa kwa Mfaume, nyuma ya soko la Newala,
elfu mbili, picha ishirini, na moja ya nyongeza:
"Hii, dada, hujawahi kuiona."
Humwambia hivyo kila mtu.

Asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unaingia mpaka sebuleni bila hodi.
Ausi, mtoto wa dada, kajigubika kitenge,
vidole tu viko nje, anacheza mpira wa kwenye skrini.
Pedi yangu ina kitufe kinachoganda,
kwa hiyo timu yangu haijui shuti, inajua pasi tu.
Tunafungwa saba. Tunafungwa tisa.
Mama anapita na ungo:
"Hivi hao vijana wanakimbia tangu juzi,
hakuna wa kuwapa maji?"

Mkesha wa Noeli tulitundika shuka ukutani,
lile jeupe la wageni. Mama aliguna, akaachia.
Projekta nimeazima kwa mwalimu Nangomwa
kwa sharti na yeye aione picha ya paka.
Tukaweka ile ya nyongeza. Ni ya anga:
rubani mmoja, hewa ya saa tisa,
redio inayokoroma. Majirani walikuja na vigoda vyao.
Mvua ilikuwa imepita alasiri,
na katikati ya kimya cha nyota
kumbikumbi wakaja.

Mamia. Wakatua kwenye sayari,
wakatambaa juu ya uso wa rubani,
vivuli vya mbawa vikubwa kuliko chombo chake.
"Wamevamiwa!" dada Somoe alipiga kelele,
na kwa dakika nzima hakuna aliyejua
kipi ni cha picha, kipi ni cha Newala.
Watoto wakaleta beseni la maji chini ya shuka,
wakaanza kuteka maadui kwa ajili ya kikaango.

Halafu rubani akashika mkono wa mlango,
na picha ikaganda.
Si umeme. Faili. Mfaume alijaza pungufu.
Dakika kumi na moja za mwisho
zimebaki dukani.

"Steringi hafi," alisema Ausi,
kama anayetaja kifungu cha sheria.
Somoe: alishakufa zamani, hewa ilipofika saa mbili,
hayo mengine yote ni ndoto.
Asumini fundi cherehani aliuliza tu
mshahara wa mwezi huu anapokea nani,
na kama mkewe ameshajulishwa.
Mwalimu alitaka kujua mlango unafungukia ndani au nje.
Tukabishana mpaka mafuta yakachemka,
tukabishana huku tunatafuna,
shuka tupu linang'aa, mbawa zimeganda juu yake.

Kwenye daftari nimeandika: dakika themanini na nne.
Nani kafa bure: hakuna, wote tumewala.
Daraja nimeacha wazi,
mimi ambaye sijawahi kuacha gunia bila daraja.

Mfaume amepiga simu mara mbili.
"Njoo nikukamilishie, sikutozi."
Nakuja, namwambia,
naongeza chumvi,
nampokonya Ausi ile pedi nzima.