Rozela Chini

Februari ya Moshi haina adabu.
Inaingia sebuleni bila hodi,
inakalia kochi kabla ya mgeni.
Bati za Njoro zinalia ta, ta, ta,
na Kibo kule juu amejifunika wingu
kama tajiri aliyeona wadai wake wanakuja.

Nimeamka mapema. Kinywaji hiki
hakimtaki mtu wa haraka.

Kwanza rozela. Nimeichemsha na karafuu mbili,
nikaichuja kwa kitambaa cheupe
ambacho hakitakuwa cheupe tena.
Sukari nimetia bila huruma, maana kizito hukaa chini.
Hiyo ndiyo siri, Yusta, usiitafute nyingine:
kizito chini, chepesi juu,
na katikati kukaa ukingoja.

Nikamimina. Nikafunga friza. Nikakaa.

Saa nne, embe.
Embe la Kahe, limeiva hadi linanukia mlangoni,
blenda ikalisaga huku inatetemesha meza,
nikalilaza juu ya wekundu kwa mgongo wa kijiko,
taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto
aliyekwisha kulala.

Saa saba, tui na ndimu.
Jeupe. Jeupe kama...
hapana, sitasema kama theluji ya mlimani,
kila hoteli ya mjini imeshasema.
Jeupe kama tui.

Bilauri kumi na mbili.
Sita nimezitia konyagi,
kwa ajili ya Yusta, aliyefaulu uhasibu mara ya nne,
na wenzake waliomwambia aache mara ya pili.
Sita sikuzitia kitu,
kwa ajili ya shangazi Ndeshukurwa
na akina mama wa kwaya, sauti ya pili.

Sikuweka alama. Alama ya nini?
Kileo ni kibishi, hakigandi kikagandika.
Gonga kwa kijiko:
ya shangazi inajibu, ko, ko.
Ya kwetu inanyamaza.

Saa nane na robo umeme ukakatika.
Friza ikakoroma mara moja
kama mzee aliyeguswa bega, ikatulia.
Tukasema utarudi.
Saa tisa tukasema utarudi.
Saa kumi na moja hatukusema.

Wageni wamefika, wanajipepea na vitenge,
nami nimepiga magoti mbele ya friza na tochi ya simu,
nagonga.
Ya kwanza imenyamaza.
Ya pili imenyamaza.
Zote kumi na mbili zimenyamaza
kama darasa lililovunja kioo.

Nizionje zote? Kwa tumbo lipi?
Ninuse? Karafuu imeshika pua yote.
Nikapanga trei mbili kwa kukisia,
nikamwachia Mungu, ambaye shangazi anamjua zaidi yangu.

Akanywa. Akatazama bilauri.
Akanywa tena, mpaka kwenye embe.
"Hii rozela," akasema, "ina nguvu."
"Ni karafuu, shangazi."
"Ni karafuu," akakubali, akainyoosha bilauri ijazwe.

Kwenye giza lile la mshumaa mmoja
akatuambia jambo ambalo hata mama hakulijua:
kwamba na yeye alianguka mtihani wa ushonaji,
mara tatu, chuoni,
akarudi nyumbani na kusema cherehani ndiyo mbovu.
"Wewe umekwenda ya nne," akamwambia Yusta.
"Mimi sikwenda."

Mtu hakucheka.
Kisha yeye mwenyewe akacheka, nasi tukafuata,
tukacheka mpaka mshumaa ukayumba.

Umeme ukarudi saa mbili usiku,
bila aibu, na redio ya jirani nyuma yake.
Tukaonana. Tabaka zangu za asubuhi nzima
zilikuwa zimeingiliana kwenye bilauri,
rangi ya kuta za zamani za stesheni.

Shangazi akavaa viatu, akajifunga kitambaa kichwani,
akasimama mlangoni akihesabu kwa macho
zilizobaki kwenye trei yake.

"Hizo zirudishe zigande," akasema.
"Kesho nitapita, baada ya ibada."