Kitufe Chekundu

Rimoti ya kwanza ilikufa maji.
Munguci aliitumbukiza kwenye beseni la maharage
akaja kuniita nione inavyotoa mapovu.
Tuliianika juani siku tatu. Ikapona nusu:
cha sauti kikawa kinashusha tu, hakipandishi,
na vingine vikabaki bubu.

Nikashuka Oli kwa Rehani fundi.
"Hii ni ya kila kitu," alisema,
"televisheni, feni, dekoda, hata vilivyokwisha tupwa."
Ina karatasi ya namba, ndefu kama daftari la madeni.
Nikakaa sebuleni, nikazijaribu moja moja.
0417: televisheni ikazimika katikati ya habari
na Mama akawalaani watu wa umeme.
1126, kimya.
1127, kimya.
Kisanduku chetu cha muziki hakimo katika karatasi.

Ni kidogo, cheusi, hakina wimbo tumboni.
Nyimbo zinalala chumbani kwangu, kwenye kompyuta,
zikiitwa zinapita ukutani bila waya
kama harufu ya samaki wa jirani.

Basi ikabidi mzee amfunze kijana.
Nikazilaza mezani, paji kwa paji,
katikati upana wa vidole viwili.
Shikilia kitufe cha mpya mpaka taa iwake.
Bonyeza cha zamani. Ngoja.
Taa ikipepesa mara mbili, somo limeingia.
Macho hayakuona kitu. Nikaleta kamera ya simu:
kwenye kioo kikadunda kidoa cha zambarau
kama mshipa wa shingo.
"Zinaambiana nini?" Mama akauliza.
"Ile inaifunza hii neno *cheza*."
"Mbona inanong'ona? Ina deni la nani?"

Tangu Januari mkono wake wa kulia
ni mgeni aliyelala mapajani.
Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachofanya kazi zote,
kwa hiyo nilichagua vitufe vikubwa tu:
cheza, mbele, nyuma, sauti.
Kikabaki chekundu, kikubwa kupita vyote. Cha kuzima.
Lakini kisanduku hiki hakizimwi, husinzia tu,
sikio wazi kwenye ruta.

"Kifanye nini, Mama?"
Hakujibu upesi. Alikuwa anatazama kabati la kaseti.
"Mwisho wa adungu ya baba yako," alisema.
"Si wimbo. Mwisho."

Niliujua. Nyuzi zinanyamaza, kiti kinalia,
halafu sauti yake, Kiswahili cha gereji:
*Driciru, zima hiyo. Unamaliza betri.*
Miaka yote nilikuwa naruka sekunde hizo.
Usiku nikazikata, nikazipa faili lao,
nikaliweka kipendwa namba sita.
Kwenye rimoti ya zamani kitufe cha sita,
Mungu saidia, kilikuwa bado kizima.
Paji kwa paji. Kidoa cha zambarau. Taa, mara mbili.

Sasa Mvara nzima ikitulia
nasikia kutoka chumbani kwangu:
kiti kinalia, *zima hiyo, unamaliza betri*,
na Mama, kwa ulimi wake mzito wa siku hizi,
"Sizimi."
Kisha tena. Kisha tena.

Nimeficha betri mbili mpya
kwenye kopo la sukari, Munguci asizione.