Kilo Nne na Gramu Mia

Aikaruwa aliikuta darini kwa marehemu baba yake, Kirua,
nyuma ya magunia matupu na kitanda cha chuma,
imeviringishwa kanga iliyofutika maneno.
Anajua napenda vyuma vya zamani.
Miaka thelathini na minne natengeneza saa Moshi mjini,
na mwenye kuujua udhaifu wa fundi
hakosi kitu cha kumuuzia.

"Laki tisa, kwa vile ni wewe.
Kuna Mzungu hotelini ameshataja milioni."
Karatasi ya polisi ipo, ina muhuri wa zambarau.
Mtutu umezibwa kwa risasi,
risasi ya kuyeyusha, siyo ile ya kufyatua.
Haitasema tena neno.

Nakiri, mikono iliisalimu kabla yangu.
Komeo linateleza kama limepakwa mafuta jana.
Juu ya chuma pamegongwa taji, na mwaka, 1911,
na kitako kilichopasuka kimeshonwa kwa waya wa shaba,
mizunguko kumi na tisa, imebanana, haikupishana hata mmoja.
Huyo ndiye niliyetaka kumjua.
Si mwenye taji. Mshona waya.

Basi nikaipenda. Niseme nini zaidi?
Usiku niliiona ukutani, juu ya redio,
nikawaona wageni wamenyamaza,
nami nakohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia.

Ndeanasia hakuuliza bei.
Aliuliza huku akimenya ndizi, "Italala wapi?"
Nikamwambia, ukutani.
"Nimeuliza italala wapi. Ukutani ni kukesha."

Jumamosi tukaitia guniani, mimi na Aikaruwa,
tukaipeleka chama cha msingi, kwenye mizani ya kahawa.
Nikadai kwamba kitu kizuri hujulikana kwa uzito wake.
Sikuwa nasema kweli.
Karani Lyatuu hakufungua gunia,
alisukuma kile kidude cha shaba, akarudisha, akasukuma tena:
kilo nne na gramu mia.
"Kahawa gani hii, ngumu namna hii?"

Ratili tisa.

Babu Kiria alibeba ratili sitini
toka Kahe hadi mahali asipopajua jina.
Aliwabebea Wajerumani kwenda,
akawabebea Waingereza kurudi,
kwa kichwa kilekile.
Ni bunduki sita, basi, na kipande cha ya saba,
na hakuna hata moja aliyoruhusiwa kuishika kitako.
Alirudi na kipara cha mviringo utosini.
Sisi wajukuu tulikuwa tukiweka kiazi pale, tukicheka,
naye anatembea taratibu uani kisidondoke.
Vita vilikuwaje, hakutuambia.
Alisema tu, mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Tulidhani ni methali.

Aikaruwa ananitazama.
Noti zimo mfuko wa ndani, zimeshashika joto la kifua.
Nikamwambia, ngata ningeinunua.
Ungekuta ngata kule darini
ningekupa laki tisa bila kupunguza hata mia.
"Ngata?" Akacheka mpaka akashika mizani.
"Majani makavu ya mgomba! Nani huweka?"

Hakuna.
Hakuna aliyeweka.

Lyatuu, kwa mazoea tu, alikuwa ameshaandika stakabadhi:
jina langu, tarehe, 4.1,
na penye daraja la kahawa akachora mstari.
Ninayo, kwenye droo ya springi.

Sijifanyi mtakatifu. Mikono bado inalikumbuka lile komeo.
Wiki iliyofuata nikasikia Mzungu ameichukua,
wameifunga kwa blanketi la hoteli.
Siku hiyo niliharibu saa mbili za watu.