Pengo la Gia ya Tatu

Saa nane za usiku, Coventry. Mvua ya Februari
haipigi dirisha, inalilamba tu, kama paka.
Ghalani wameniambia leo nisije, usingizi nao umekataa,
basi nimekaa zuliani na rimoti ya gemu mkononi
nakirekebisha kigari cha kijani ambacho hakipo.

Hakina mafuta, hakina bima, hakina kutu.
Kina gia sita, na kila gia ina namba yake
ninayoisogeza kwa kidole gumba:
ya pili, moja nukta tisa tano;
ya tatu, moja nukta moja mbili.
Hapo ndipo penye kesi.

Njia inapanda mlima wa kubuni wenye theluji ya kubuni,
kona ya kulia, kisha mnyoosho mrefu.
Naiacha ya pili ikilia kwenye mstari mwekundu,
naingiza ya tatu, na injini inashuka
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Mizunguko elfu saba imekuwa elfu nne.
Gari linapanda likihema, na lile la zambarau,
la kijana fulani wa Saskatoon,
linanipita bila salamu.

Nikizifupisha zote, linaruka
kama mbuzi aliyekata kamba,
halafu katikati ya mnyoosho limeishiwa,
mshale umegota, kelele tupu.
Nikizirefusha, kasi ipo, lakini ipo Ijumaa,
na mimi bado niko Jumatatu.
Mshika mawili moja humponyoka:
aliyetunga methali hii
nadhani aliwahi kufungua giaboksi.

"Ya tatu iko mbali."

Ni Mwanakombo, jikoni, anapasha chai.
Amerudi saa saba kutoka depo ya mabasi
anakofagia, anakookota glavu za mkono mmoja.
Skrini hajaiona.

"Mbali na nini?"

"Na ya pili. Nasikia. Inatumbukia shimoni."

Miaka kumi na moja ya ndoa.
Cheti chake cha ufundi magari
kimo ndani ya bahasha, juu ya kabati,
chini ya boksi la viatu; hapa hakitambuliki.
Nilijua cheti kipo.
Sikujua sikio lipo.

Akaja na koti lake la kazi, akaketi, akanyoosha mkono.
"Usianze na ya kwanza. Anza na ya sita:
ifike mwisho wa mnyoosho imebakiwa na pumzi kidogo,
si nyingi, kidogo. Ndipo uishushe ya kwanza
hadi gurudumu liume bila kuteleza.
Zilizobaki zipange kama ngazi za mnara,
za chini zimeachana, za juu zimebanana.
Kadiri upepo unavyokuwa mzito, hatua ifupike.
Mtu akichoka humwambii aruke."

Ya tatu akaipandisha, moja nukta nne.
Ya nne ikasogea kuipisha. Ya tano pia.
Hakuangalia namba; alikuwa akibonyeza, akisikiliza,
kichwa kimeinama upande,
kama anayengoja kuitwa kutoka chumba cha pili.

Nikakimbiza. Kona ya kulia, ya pili ikalia,
nikaingiza ya tatu, na injini
ikashuka hadi elfu tano, ikashika.
Ikashika!
Nikapunguza sekunde mbili na nusu.
Kijana wa Saskatoon sikumtafuta hata.

"Lile basi la ishirini na moja," akasema,
"lina ugonjwa huuhuu. Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Akainywa chai yake, imeshapoa.
"Wakasema nisisahau viti vya nyuma."

Gemu tukalizima, hatukulala.
Saa kumi na moja likapita chini ya dirisha,
taa zimewaka, ndani hakuna mtu,
likaanza kuupanda mwinuko wa mtaa wetu.
Ya kwanza. Ya pili.
Tukanyamaza wote wawili,
vikombe mkononi,
tukiisubiri ya tatu.