Herufi Elfu Mbili

Fomu inauliza: *Eleza faida kwa jamii.*
Herufi elfu mbili, nafasi zikihesabiwa.
Ni saa tano na robo usiku, Ljubljana imelala,
chai imepoa hadi imeota utando,
na mimi, Breda Kocjan, binti wa fundi reli,
natafuta neno jingine la "uzee"
lisilomtisha mhasibu.

Nimeandika: Chini ya mawe ya chokaa, pangoni,
yuko mnyama mweupe asiyeona,
urefu wake shibiri na ushee.
Wenyeji humwita samaki-mtu, kwa ngozi yake.
Huishi miaka mia, au karibu na hapo.
Hatujui kwa nini.

Nimefuta "hatujui."
Mshauri wa ruzuku alinionya
kwamba serikali hainunui giza.
Nimeweka "tutabainisha,"
herufi tano zaidi, na uongo kidogo.

Mwaka juzi tuliitwa mbele ya jopo.
Watu watano, jagi la maji, hakuna aliyekunywa.
Bwana Ledinek wa hazina, mwenye vidole safi,
aliuliza mnyama wetu hula mara ngapi.
Nikasema anaweza kukaa miaka bila kula.
Akacheka, wala si kwa ubaya:
"Basi mmefanana naye. Mtavumilia."
Barua ikaja baada ya wiki sita:
*Wazo zuri. Halina uharaka.*

Tangu hapo Matevž kahamia Zürich,
kwa kampuni inayowauzia matajiri ujana wa vidonge.
Hunitumia picha za mashine
zinazosoma chembe hai moja moja kama msahafu.
Huku kwetu pampu ya maji inakohoa.
Nimeiziba kwa kipande cha koti langu la mvua.
Jike namba kumi na saba,
mwenye kihisi mgongoni mfano wa punje ya mtama
(tulikiazima, wanakidai),
hajasogea tangu Machi.
Kila Jumatatu nashuka na taa nyekundu
nione kama kafa.
Hajafa.
Moyo unapiga, unapumzika, unafikiri, unapiga.

Mama ana miaka themanini na sita.
Mwezi jana alipotea akitoka duka la mkate,
duka lile lile, mkate ule ule,
ingawa bei yake ya mwaka sitini na nane anaijua.
"Hiyo dawa ya kutokufa mmeifikisha wapi?"
Si ya kutokufa, mama. Ni kuzeeka bila kubomoka.
"Na serikali ndiyo ilipe?"
Ndiyo ilipe.
Alikuwa akimenya tofaa, ganda moja refu, halikatiki.
"Mwambie waziri nimelipa kodi miaka arobaini.
Nataka chenji yangu."

Mwomba chumvi huombea chungu chake, najua.
Ndiyo maana sikumtaja mama popote.
Kifungu cha tisa: *Hatari, na namna ya kuzikabili.*
Hatari ya kwanza: mnyama ataishi kuliko mradi.
Mradi ni miaka mitatu.
Hatari ya pili: ataishi kuliko mimi.
Namna ya kuzikabili: nimeandika "ufuatiliaji endelevu,"
nikatazama maneno hayo kwa muda mrefu
kama mtu anayetazama viatu vya mwenzake.

Kisha bajeti. Taa. Pampu.
Mshahara wa kijana ambaye bado hajazaliwa kitaaluma
na ambaye, Mungu akipenda, hatatukimbia.
Nimepunguza safari. Nimepunguza tena.
Mkono mtupu haulambwi,
lakini mkono unaoomba mengi haufunguliwi mlango.

Narudi juu, kwenye faida kwa jamii.
Zimebaki herufi thelathini.
Nikaandika: *Tafadhali. Mama amesahau njia.*
Zikatosha barabara, nukta na nafasi zote.
Hata mashine haikulalamika.

Nikaifuta.
Nikatuma fomu ikiwa na pengo la ukubwa huo.
Kesho ni Jumatatu.
Betri za taa ziko wapi?